Masinia Kwenye Kabati la Boila

Alasiri hiyo Miska angetoka hospitali na kichanga chake, na nyumba yao ya Edmonton ilikuwa ya baridi kama friji. Themostati, kidude cha ukumbini cha kupangia joto, iliwaka vizuri, ila kioo chake kiliandika kwamba haiipati boila, mtambo wa kuipasha nyumba joto. Ummukulthum, mama yake Miska, alijitanda kanga mbili juu ya sweta, akamtazama mkwewe.

"Sufian, mwanangu, huyo mtoto ataogeshwa wapi humu?"

"Nashughulika, mama. Hivi vitu havina waya, vinazungumza kwa mawimbi kama redio. Sasa vimenuniana."

"Basi vipatanishe. Si wewe unayejisifu kwa maneno?"

Sufian alibadilisha betri. Wapi. Akaenda jikoni, akafungua kabati la boila na kuyatoa masinia yaliyosimamishwa humo, ili akifikie kisanduku kinachopokea amri za themostati. Akabonyeza kitufe mpaka taa ikawa ya kijani. Boila ikanguruma. Ummukulthum akashukuru Mungu, akayarudisha masinia mahali pake. Chai haijachemka, taa ikawa nyekundu na boila ikanyamaza.

Sufian akaanza upya. Masinia nje, kijani. Masinia ndani, nyekundu.

Hapo Ummukulthum akabaki ameshika sinia moja, akilitazama kama anayelitilia shaka. Akayatoa yote tena, akayalaza mezani.

"Bonyeza," alisema.

Taa ikawa ya kijani, na safari hii haikubadilika.

Sufian akacheka mpaka akaegemea friji. "Mama, umeijengea boila ukuta wa bati. Mawimbi yapite wapi? Na haya hata si yetu."

Kweli hayakuwa yao. Tangu Miska alazwe, majirani hawakuiacha nyumba ile na njaa. Sheikha alileta biriani. Jedidah, Mkenya wa mlango wa pili, alileta chapati na ndengu, na aliposikia Miska hali chakula cha wodi, akampelekea mwenyewe kwa basi. Kwao Pemba, Ummukulthum alilelewa kuona haya kumrudishia mtu sinia tupu. Naye alishinda kando ya kitanda cha mwanawe. Kupika angepika saa ngapi? Akayaosha, akayaweka kabatini yasubiri.

Miska alipoingia na mtoto, ukumbi ulikuwa umepata joto. Akayaona masinia.

"Kuna shughuli gani?"

"Mama yako ndiye aliyetuzimia boila," Sufian alisema. "Mwambie amwombe radhi mjukuu wake."

Ummukulthum akampokea mtoto, akagusa vidole vyake. Vilikuwa na joto. Machozi yakamlengalenga.

"Kila sinia hapo liliingia humu limejaa, mwanangu hakukosa chakula wala mimi sikulala na njaa. Kesho napika, naanza na la Jedidah. Hata yangezima boila za mtaa mzima, nisingeyarudisha matupu."

"Na radhi je, mama?"

"Siombi."