Vichwa vya Mtaa Mzima

Nilirudi kutoka kumwuguza dada yangu nikakuta wanaume wa mtaa wetu wamenyolewa vibaya, wote. Fundi saa alikuwa na kipara upande mmoja na kichaka upande wa pili. Fundi baiskeli alikuwa na ngazi kisogoni, ya kupandia hadi utosini. Nikawauliza, kulikoni, kumeingia ugonjwa?

"Shh!" Fundi saa alinivuta hadi dukani kwake. "Usicheke, tafadhali. Ni mkono wa Wembe."

Wembe ndiye kinyozi wetu. Chumba chake na changu cha ushonaji vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo vituko vyake vyote navijua. Jina alilipata kwa ukali wa kazi yake na ukali wa ulimi wake. Nilipoondoka alikuwa na plasta mkononi baada ya kuanguka akibandika bango juu ya mlango. Kumbe nikiwa safarini plasta ilitolewa, daktari akamwambia amepona. Lakini kila akishika mashine mkono unatetemeka, na wateja wakaanza kumkimbia. Sasa alikuwa amepata mtu wa kununua kile kiti chake kikubwa cha kuzunguka, na mtu huyo angekuja kukichukua jioni ile ile.

"Tunamtia moyo," fundi saa alisema. "Tunaenda kwa zamu, tunanyolewa, tunamsifu. Safi sana, Wembe! Mkono uko vilevile!"

"Na anawaamini?"

Akajipapasa upande wenye kichaka.

Mimi nina hasira za karibu, na siku hiyo zilinipanda. Wanampenda, sawa, lakini ndiyo wamdekeze kama mtoto mchanga? Na moyo uliniuma pia. Nimezoea kushona huku nikimsikia akibishana na wateja, na sasa ule ukuta ungebaki kimya. Nikatupa begi, nikaingia kwake, nikakaa kitini. Nywele zangu ni fupi, na miaka yote ni yeye anayezipunguza.

"Karibu, dada," alisema kwa adabu. Wembe, kwa adabu! Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Akawasha mashine, mkono ukaanza kucheza. Fundi saa na fundi baiskeli walikuwa tayari mlangoni, wamekuja kusifu. Mashine ikapita juu ya sikio langu, ikaacha njia ya kipara.

"Safi sa..." fundi baiskeli alianza.

"Safi nini?" nilipiga kelele. "Wembe, umenichimbia mtaro! Mimi ni mtu au shamba?"

Mashine ikazimwa. Kwenye kioo nilimwona fundi saa macho yamemtoka pima.

"Unatikisa kichwa," Wembe alisema.

"Anayetikisika ni wewe. Unajua, na hawa wanajua, ila wanaogopa kukwambia. Haya, rekebisha."

"Usinifundishe kazi, mama wee!" Sauti yake ilikuwa imerudi. "Wewe wa kunisema mimi? Kile kitambaa cha gauni la bibi harusi kimekaa mezani kwako tangu lini? Unakipima, unakikunja, unakipima, unakikunja. Fundi mzima unaogopa mkasi!"

"Kinateleza kile! Nikikosea sina kingine!"

"Na kichwa unacho kingine? Tulia!"

Nikamjibu, naye akanijibu. Akaisema cherehani yangu inavyopiga kelele, akayasema mapazia yangu, akamsema hadi shemeji yangu ambaye hajawahi kumwona. Katikati ya maneno hayo mashine ilikuwa imeshawashwa, wala sikuwa na habari. Fundi saa ndiye aliyenikonyeza kwenye kioo. Mkono ulikuwa umetulia. Wembe akinyamaza ulianza tena kidogo, basi nami nikawa namchokoza.

Mtaro haukuzibika, ikabidi anyoe kichwa chote. Nilitoka na kipara kisafi, hakina hata mkwaruzo.

"Na nyie wawili mnaaibisha mtaa," aliwaambia wale. "Ingieni, na atakayenisifu namtoa nje."

Mwenye kununua kiti alipofika na mkokoteni, alimkuta fundi baiskeli amekikalia, anatukanana na Wembe kwa raha zao. Aliambiwa kiti hakiuzwi, ila kama anataka kunyolewa apange foleni.

Nami nilirudi kwangu. Nikakipima kile kitambaa, nikakikunja.

Mlango ukasukumwa. Wembe aliingia amejikung'uta nywele, amenawa mikono, bado inachuruzika maji. Akaichukua taulo yangu bila kuomba, akajifuta.

"Wateja wanakungoja," nilimwambia.

"Wangoje." Akakikunjua kitambaa mezani, akashika pembe mbili, akakivuta kikanyooka. "Kata."

"Nikiharibu?"

"Ukiharibu nitakwambia umeharibu."

Machozi yalinilenga. Nikamwambia avute vizuri, asilegeze, kisha nikaingiza mkasi.