Siku Eugene Alipochagua Pampu

Eugene alikuwa mtu wa kuchagua. Hata soksi alizinunua baada ya kuzisomea mtandaoni wiki nzima, na mkewe Phoebe alishazoea kusimama madukani akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwezi Machi 2014, walipoingia kwenye duka la baiskeli kule Al Sadd, mjini Doha, Phoebe alijua watakawia. Binti yao Tiffany walikuwa wamemwacha kwa jirani, kwenye jengo lao mtaa wa Fereej Bin Mahmoud.

Siku za kazi Eugene alishinda ofisini mbele ya kompyuta. Ijumaa alfajiri alitoka na wenzake kuendesha baiskeli hadi upande wa Umm Salal, wakarudi kabla jua halijawa kali. Lakini Ijumaa iliyopita mambo yalimwendea kombo. Chupa ya maji ilimponyoka akiwa mwendoni. Kisha tairi likapata pancha, akaliziba vizuri, ila kulijaza upepo kukamshinda, mpaka rafiki mmoja akaja na gari akambeba pamoja na baiskeli yake. Alifika nyumbani akilaumu kishikio cha chupa, akalaumu na pampu.

"Vyote takataka," alimwambia Phoebe. "Nanunua vipya."

Muuzaji aliwasikia wakiongea Kiswahili akaja akicheka tangu mbali. Aliitwa Onyango, mtu wa Siaya, mnene, mwenye sauti ya kujaza duka.

"Karibu bosi! Karibu shemeji! Mnatafuta nini leo?"

Walianza na vishikio. Onyango alifunga kimoja kwenye baiskeli ya maonyesho, akasukuma chupa ndani ikabana. "Hiki hata ukipita kwenye matuta, chupa haitoki. Jaribu."

Eugene aliinama, akaishika chupa shingoni, akavuta. Haikutoka. Akavuta tena, vidole vikateleza. Alifuta mkono kwenye suruali.

"Kinabana sana hiki."

"Ndiyo sifa yake, bosi," Onyango alisema, na bado alikuwa akitabasamu. "Lakini kuna hiki kingine, chupa inatokea ubavuni. Huhitaji kuvuta juu."

Hicho Eugene alikiweza, kwa mkono wa kushoto. Alifurahi kupita kiasi. Alieleza faida zake mwenyewe, kana kwamba ndiye anayeuza: fremu yake ndogo, nafasi haba, mkono unafika kwa urahisi. Phoebe aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono wa kulia wa mumewe, uliokuwa umelala juu ya tandiko. Pale kati ya kidole gumba na cha shahada, ambapo nyama hutuna, palikuwa pamebonyea. Na chini ya ngozi kitu kilikuwa kikichezacheza, kidogo kidogo, bila kukoma.

Phoebe alikuwa nesi. Kabla ya kuja Doha alikuwa amefanya kazi miaka minne Eldoret, katika wodi ya wagonjwa wa mishipa ya fahamu. Ni mwanga wa taa za dukani, alijiambia. Ni uchovu wa kompyuta.

Zikaja pampu. Onyango alipanga tatu juu ya kaunta, akaleta gurudumu lililopungua upepo. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya kutia mfuko wa nyuma wa jezi. Eugene aliiunganisha na valvu baada ya kuhangaika kidogo, akaanza kusukuma. Mara tano, sita. Mkono ukasita katikati, ukatetemeka, ukashuka.

"Hii ni mbovu," alisema.

Ya pili ilikuwa na mpira wa kuunganishia, ndefu kidogo. Alibadilisha mikono, akasukuma akiwa ameuma meno. Jasho lilimtoka ingawa baridi ya duka ilikuwa ya kuvaa sweta. Ya tatu ilikuwa na kikanyagio kidogo, unaisimamisha sakafuni unaikandamiza kwa mwili. Hiyo nayo ilimkwama njiani. Mshale wa presha haukufika hata nusu.

"Pole bosi," Onyango alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Huo mkono uliumia?"

"Mkono hauna neno. Hizi pampu zenu ndizo hazina maana."

Phoebe hakujua ni nini kilichomsukuma. Labda alitaka iwe kweli, kwamba pampu ni mbovu zote tatu, waondoke wakilalamika kama watu wengine. Aliinua ile ya kwanza, nyembamba kuliko zote, akaanza kusukuma. Ilikwenda. Upepo uliingia ukipiga miluzi midogo, tairi likatuna, mshale ukapanda taratibu hadi mahali pake. Hata hakuhema.

Aliiweka pampu chini polepole. Angeweza kusema amechoka. Angeweza kuacha njiani, akajifanya imemshinda yeye pia. Lakini lilikuwa limeshafanyika, na tairi lilikuwa pale mbele yao, gumu kama jiwe.

Onyango akajipa kazi ya kupanga vifuniko vya valvu.

"Khalas, basi," Eugene alisema. "Tufungie hiyo. Mama Tiffany anaiweza."

Ndani ya gari Eugene hakuwasha injini. Alishika usukani akatazama watu wakipita na mifuko yao.

"Umejua tangu lini?"

"Nijue nini?"

"Phoebe."

"Leo," alijibu. "Nimeona leo. Wewe je?"

"Tangu Januari. Nilidhani ni kompyuta." Alifungua kiganja akakitazama. "Wewe umewaona watu wa hivi. Niambie kama unavyowaambia jamaa wa mgonjwa."

Phoebe alikumbuka aliyokuwa akiwaambia: tusubiri vipimo, daktari ataeleza. Aliyasema hayo hayo. Yalitoka mdomoni mwake laini, kwa sauti ya kazini, na alijichukia kwa jinsi alivyoyasema vizuri.

"Sawa sista," Eugene alisema, akawasha gari.

Vipimo, katika hospitali aliyofanyia kazi Phoebe, vilichukua wiki kadhaa. Walimchoma sindano za umeme kwenye mikono na mapaja, wakampiga picha za shingo, wakatoa damu, na kila jibu lililorudi salama lilimzidishia Phoebe hofu, kwa maana alijua ni ugonjwa gani hubaki yote mengine yakiondolewa. Eugene aliendelea kwenda Umm Salal kila Ijumaa. Phoebe hakumzuia. Angemzuia kwa sababu gani ambayo angeweza kuitamka?

Siku ya majibu, daktari alimpima mara ya mwisho, akaketi, akasema: mishipa ya fahamu inayoendesha misuli ilikuwa ikifa. Alikuwa mtu mwenye huruma na hakuzunguka. Kuna dawa, inapunguza mwendo wa ugonjwa tu. Haiponyi. Phoebe aliuliza maswali ya kinesi, akajibiwa kinesi, na hakuna jibu lililobadilisha kitu.

Eugene alisimama kando ya kitanda akijaribu kufunga shati. Kifungo cha kwanza kilimkwepa. Akakirudia. Daktari akageukia kompyuta yake. Phoebe alinyanyuka nusu, akaketi tena, kwa kuwa hakuombwa. Mwishowe Eugene akaacha.

"Twende," alisema.

Alipita ukumbini kifua wazi, kichwa juu, akiwaamkia manesi aliowajua kupitia kwa mkewe. Mzee mmoja wa Kiarabu alimtazama, akageuza macho. Phoebe alimfuata nyuma na bahasha ya picha mkononi.

Mbele ya lifti Eugene alisimama, akamgeukia.

"Baridi," alisema.

Phoebe aliweka bahasha sakafuni. Alianza kufunga vifungo kutoka chini, kimoja kimoja, bila kumtazama usoni. Lifti ilifika, milango ikafunguka, watu wakawasubiri kidogo, kisha ikajifunga ikaenda bila wao.