Mvua Iliyookoa Misuko

Wawili tu walikuwa mbele ya Shadia kwenye mstari wa langoni, na Mwalimu Mkuu Ladislas alikuwa na mkasi. Kanuni ya shule ile inajulikana Kamembe nzima: muhula ukianza, misuko marufuku. Mkaidi hulimwa kwa mkasi barabara moja katikati ya kichwa, kisha huenda nyumbani wakamalizie.

Mwenye akili angefumua jana yake. Lakini Shadia alisukwa kwa ajili ya harusi ya shangazi yake, tena na Védastine, msusi ambaye watu husema angesuka hata yai. Nywele zake fupi ziliungwa kwa meshi, nywele za bandia, hadi zikafika mabegani. Bibi Mukantwari, mama wa mama yake, hakuweza kushuka kutoka Mururu kwa sababu ya goti, akatuma neno kwamba angalau amwone mjukuu wake na misuko yake. Basi Shadia alikataa kufumua kabla bibi hajamwona. Sikio la kufa halisikii dawa.

Aliyekuwa mbele yake alikwisha kuinamisha kichwa mvua ya mawe ilipoanguka. Wote walikimbilia madarasani, na huko mabati makuukuu yalitoboka, barafu ikajaa juu ya madawati. Ladislas alitazama darasa moja, akatazama la pili, akawaambia watoto warudi kesho. Watoto walijaza barafu kwenye vikombe vya uji, wakatafuna, wakatiana shingoni. Shadia alimshukuru Mungu kwa sauti. Alipita nyumbani kumwomba mama yake ruhusa, akafunga kitambaa juu ya misuko, akashika njia ya Mururu huku akiimba nyimbo za harusi.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kadiri alivyopanda ndivyo migomba ilivyozidi kuchanika, na nyimbo zikamwisha. Alimkuta bibi ameketi kwenye kigoda katikati ya shamba lake la maharagwe. Majani yalikuwa yamekwisha kabisa, na bibi alikuwa akiokota maganda machanga kutoka kwenye matope.

Shadia alisalimu, akainama, akaokota naye. Kitambaa hakukitoa. Alijiona mwizi, maana kilichompa yeye likizo ndicho kilichomnyang'anya bibi chakula. Bibi aliuliza kama wali wa harusi ulitosha na nani alicheza vizuri. Shadia alijibu kwa neno mojamoja hadi kikapu kikajaa.

Walipokaa mlangoni wakinawa mikono, bibi alimtazama.

“Ulizani sijue kenye kilikuleta? Toa ile kitambara.”

“Bibi, mi nilifurahia ile mvua,” alisema Shadia.

Bibi alijifuta mikono polepole.

“Mvua ilishakula maharagi yangu. Isikule na misuko yako.”

Akamvua kitambaa yeye mwenyewe. Alimwamuru atembee hadi kwenye migomba na kurudi, kama alivyotembea harusini, kisha atembee tena, na mara ya pili bibi alipiga vigelegele peke yake pale mlangoni. Halafu alimketisha chini katikati ya magoti yake, akaanza kufumua msuko mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kesho kuna mkasi. Shadia alilia muda wote huo, na bibi hakumwambia anyamaze.