Jalada la Agosti

Bernadetha aliacha mahindi yake juani kijijini Susuni, akapanda bodaboda kwenda Genkuru. Simon, fundi wa nyumba, alikuwa amempigia simu asubuhi.

"Mama, kuna nyumba tunabomoa huku. Ukuta wa ndani umebandikwa majarida ya zamani, yale ya michoro unayotafuta. Wahi, paa tumeshaezua."

Njiani hakutulia. Mara amwambie dereva aongeze mwendo, mara amwambie apunguze. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikusanya majarida ya zamani yenye majalada ya kuchorwa kwa mkono. Alipekua stoo za shule na za makanisa mpaka akajaza masanduku mawili ya bati. Lile alilolitaka hasa, la Agosti 1971, hakuliona. Baba yake alimwambia kwamba mchoraji mmoja alipita kijijini akamchora mama yake, na mchoro ukatoka kwenye jalada hilo. Mwaka uliofuata mama alifariki, Bernadetha akiwa na miaka miwili. Picha yake nyingine haikuwepo popote.

Mwenye nyumba, mzee Waitara, alikuwa amesimama uani kati ya vitanda na masufuria yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe wa majarida? Ingia upesi, mvua hiyo inakuja."

Jalada la Agosti 1971 lilikuwa ukutani, limegandishwa kwa uji. Mwanamke anapepeta ulezi, mtoto mgongoni. Bernadetha akalisogelea. Akautazama ule uso. Akautazama tena. Ulikuwa uleule ambao mchoraji huyo aliwachorea wanawake wake wote: macho makubwa, shingo ndefu. Nyumbani alikuwa nao kumi na mmoja wa namna hiyo.

"Ndiye mama yako, aliyeniambia Simon?" mzee aliuliza.

"Sijui." Bernadetha akatikisa kichwa. "Anaweza kuwa mtu yeyote."

Mzee Waitara akakuna kidevu. "Marehemu mke wangu alilipenda hili kwa ajili ya mtoto. Alisema watoto wa kwenye picha hulala tu mgongoni. Huyu analia, tena kamshika mama yake hereni. Ona sikio linavyovutika."

Bernadetha hakuwa amemtazama mtoto. Kinywa wazi, ngumi imeng'ang'ania hereni, kama baba yake alivyozoea kumsimulia utoto wake.

"Huyu ni mimi," alisema. Akacheka, kisha machozi yakamtoka. "Mzee, mimi nilimwona mama. Nilikuwa naye karibu hivi."

Matone yakaanza kudondoka ndani. Simon akalowesha karatasi ili aibandue, pembe ikachanika.

"Acha!" Bernadetha alipiga kelele.

"Kata ukuta," mzee alisema. "Si unabomolewa?"

Simon akakata udongo kwa panga kulizunguka jalada, wakalitoa pande zima, wakalifunga kwa khanga na nailoni.

Wakati wa kurudi Bernadetha alilipakata. Kila walipofika kilimani alifungua pembe ya khanga achungulie, udongo ukimwagika kwenye sketi yake.

"Mama, tulia, tutaanguka," dereva alisema.

"Siwezi," alijibu, akafungua tena.