Mlinzi wa Mohdhar

Kila aliyekuwa tayari kumsikiliza, Mohdhar alimwambia kwamba mbwa mzuri ni mbwa asiyezoeana na mtu. Aliyasema hayo akiwa barazani kwake mjini Kismayu, mguu mmoja juu ya mwingine, na mbwa mwenyewe amelala mlangoni akiwatolea meno wapita njia. Jina lake Jenerali. Mohdhar ndiye aliyempa jina hilo, na nchi wakati ule ilikuwa imejaa majenerali wa kila namna, hata hakuna aliyeshangaa.

Rukia, mkewe, aliyasikia akiwa ndani, akasonya. Alimjua mume wake. Mohdhar alikuwa karani wa ghala bandarini, mtu wa kushtuka kuku akipita nyuma yake. Vita vilipoanza, meneja mmoja mgeni alitoroka akamwacha mbwa wake, Mohdhar akamchukua, na tangu siku hiyo akawa anatembea kifua mbele kana kwamba meno yale yameota kinywani mwake yeye. Nyumba ilikuwa inakula wali mkavu, lakini Jenerali alitafutiwa kichwa cha nguru.

Kwa Wabajuni, watu wa Mohdhar na Rukia, kufuga mbwa nyumbani lilikuwa jambo la kutia kichefuchefu. Mbwa akikugusa na mwili una maji, umeingia najisi isiyotoka mpaka uoshe mara saba, na moja kwa udongo. Na hawa ni watu wa bahari, muda wote nguo zao ziko majimaji. Rukia aliyasema hayo mpaka akachoka. Mohdhar alijibu kwamba dharura ni dharura, na kwamba bunduki haziulizi udhu wa mtu.

Lakini Jenerali hakumng'ata mwenye bunduki hata mmoja. Alimrarua kanzu Mbaraka, mwadhini, mzee aliyekuwa akienda zake msikitini. Alimng'ata mguu Fathiya, jirani wa mlango wa pili, alipokuja kuomba kaa la moto. Kila mara Mohdhar alitoka, akatazama damu au kitambaa kilichochanika, akatingisha kichwa kwa kuridhika. "Unaona?" alimwambia mkewe. "Hana upendeleo."

Majirani wakaacha kuja, nani angewalaumu? Na siku zile habari ndiyo iliyokuwa uhai. Kisima kipi kina usalama leo, barabara ipi imeshikwa na nani, yote hayo yalipita mlango kwa mlango, kwa midomo ya wanawake. Nyumba ya Mohdhar ikawa kiziwi. Fathiya peke yake, pamoja na kidonda chake, aliendelea kumwita Rukia kwa ukuta wa nyuma na kumpa neno moja mawili.

Wenye bunduki walikuja mchana kweupe. Kijana mmoja alipiga risasi moja hewani, na Jenerali akaingia mvunguni mwa kitanda cha mtoto Nuha, akatulia huko kimya kabisa. Vijana wale walichukua redio, godoro na bangili za Rukia, wakamzaba Mohdhar makofi mawili kwa kuwa alijaribu kuwasalimia vizuri, wakaondoka. Gari lao lilipokwisha kupotea ndipo Jenerali alipotoka mvunguni. Alimkuta Fathiya mlangoni na kopo la maji, amekuja kuwapa pole. Akamrukia.

"Ana akili," alisema Mohdhar, shavu limevimba. "Amejua kwamba bunduki si mchezo."

"Akili hiyo hata mimi ninayo, baba Nuha," alisema Rukia. "Na mimi sili nguru."

Hakumchukia mume wake. Hilo lingekuwa na heshima ndani yake. Alimdharau, na dharau ile ilimchosha kuliko njaa. Aliwahi kumpenda, zamani alipokuwa mwoga tu, bila mbwa.

Siku chache baadaye Fathiya aliita ukutani. Gharibu, kakake Rukia, alikuwa ametuma neno kutoka kisiwa cha Koyama kwamba mashua itakuja kuwachukua kwenda Mombasa, kwenye kambi ya wakimbizi. Nahodha ni Athman, na watu wa kisiwa cha Chula watakuwemo pia. Mahali pa kupandia pangejulikana siku hiyohiyo, kwa sababu ufuko ulikuwa ukishikwa na kuachwa kila siku. Gharibu mwenyewe atakuja mlangoni kuwaongoza. Wakae tayari, mashua haiwezi kungoja maji yakianza kupwa.

"Umfunge mbwa," Rukia alimwambia mumewe. "Umfunge nyuma, kwa kamba fupi. Nakuomba."

Mohdhar aliapa, akamfunga, kisha siku ya safari, baada ya adhuhuri, akamfungua. Alisema kamba ilikuwa ikimtia huzuni. Akaenda kujilaza kidogo, na usingizi ukamchukua haraka, usingizi wa mtu mwenye ulinzi. Rukia alikuwa uani akimsuka Nuha kwa ajili ya njia. Alimsikia Jenerali akibweka mlangoni, hakuinuka. Alibwekea mbuzi, alibwekea upepo, alibwekea kivuli chake mwenyewe. Nyumba nzima ilikuwa imezoea kutomsikia.

Haukupita muda, Fathiya akaita ukutani, kwa Kibajuni cha haraka. "Rukia, bado umo? Nduguyo alikuwa hapo njiani kwenu, nguo zinamchuruzika maji ya bahari, mbwa hamwachi hata asogee. Alibisha hodi mara tatu, hakuna mchu aliyejibu, akarudi zake. Kasema wamekwenda wenyewe au hawataki. Mashua iko nyuma ya majabali, pale wanapopaka vyombo sifa, mafuta ya papa. Sisi chwatoka sasa hivi."

Mtu akibisha hodi mara tatu asijibiwe, huondoka. Huo ni uungwana, na kakake Rukia alikuwa mtu muungwana. Rukia hakumlaumu hata kidogo. Alimtupia Nuha mtandio, akafunga kitambaa chenye mkate, akampiga Mohdhar begani kwa nguvu zake zote.

"Inuka, mashua inaondoka."

"Tangulia na mtoto," alisema Mohdhar akipapasa viatu. "Namfunga kamba Jenerali, nawafuata."

Rukia alimtazama. Maneno yaliyomjia yalikuwa mengi na maji hayangoji, akamwacha.

Walipofika majabalini, mashua ilikuwa imekwisha kuelea, imejaa watu wamelowa mpaka vifuani. Gharibu alishuka majini, akampokea Nuha, akamvuta dada yake ndani. Fathiya na wanawe walipandishwa nyuma yao. Athman alikuwa tayari na upondo wa kusukumia chombo mkononi. Rukia alimsihi amngoje mumewe kidogo, nahodha akangoja, ingawa maji yalikuwa yameanza kwenda.

Mohdhar akatokea. Alikuwa akikimbia, amembeba Jenerali kifuani kama mtoto mchanga, maana mbwa alikuwa amekataa kukanyaga maji ya ufukweni. Akaingia baharini hivyohivyo mpaka kiunoni.

"Mbwa hapandi," alisema Athman. "Wachu wote humu majimaji, na chomboni hamna udongo wa kujitahirisha. Mwachie, uje."

"Mwachie, baba Nuha," alisema Rukia. Alimtaka aje. Alishangaa namna alivyomtaka, mtu yule aliyekuwa akimsonya kila siku.

"Na huko twendako nani atatulinda?" alisema Mohdhar. "Kambini, kwa wachu tusiowajua?"

Gharibu aliinama akamnyoshea mkono, na Jenerali akaushika kwa meno. Mwingine akajaribu upande wa pili, akakutana na meno yaleyale. Mohdhar hakumkemea mbwa. Alimkumbatia zaidi, akawa anamwambia polepole atulie, hawa ni watu wa kwetu. Damu ya Gharibu ilidondoka majini. Mashua ikagusa mchanga chini, mara moja, mara ya pili, wanawake wakaanza kulia, na Athman akasukuma upondo.

Wengine walikuwa bado wanateremka ufukweni kutafuta chombo cha baadaye. Rukia aliwaona wakipita mbali na Mohdhar, wakikusanya nguo zao zisiguswe. Naye alisimama palepale, maji kiunoni, mbwa akibweka kila upande.

"Mama," aliuliza Nuha, "baba haji?"

"Baba yako analindwa," alisema Rukia. Alikusudia kulisema kwa dharau, kama siku zote, ila safari hii sauti ilimkatikia njiani.