Matimba ya Mkunga

Mkunga alikuwa chini ya kabati la vyombo, mwili mzima vumbi, na mke wangu Melania alikuwa amepanda juu ya stuli na mwiko mkononi.

"Baba Goodness, mtoe nyoka wako."

"Si nyoka. Ni samaki."

"Samaki hatembei sebuleni."

Nilimfunika kwa kitambaa kibichi nikamrudisha majini. Aibu ilinishika. Tangi nililojivunia Kagongwa nzima, mkunga mwenyewe alikuwa amelikimbia.

Kalisti mchuuzi ndiye aliyemleta kutoka ziwani, hai ndani ya ndoo, akidhani nitamla. Nilipomwona akijipenyeza kati ya furu, visamaki vya ziwani, waliokufa, akitafuta pa kutokea, nilishindwa. Hali ile niliijua. Mwaka uliotangulia duara, shimo tunalochimbia dhahabu, lilikuwa limeniangukia machimboni, wenzangu wakanifukua kesho yake. Tangu hapo sikushuka tena chini, na taa za nyumbani kwangu hazikuzimwa, usiku wala mchana. Melania alijifunza kulala na mtandio usoni, wala hakulalamika.

Basi nikamjengea mkunga kwake. Fundi wa madirisha ya aluminiamu alinikatia vioo, akaviunga kwa silikoni. Mchanga niliuchota mtoni, si mwaloni tunakooshea dhahabu, maana kule kuna zebaki. Maji ya bomba niliyalaza kwenye ndoo ili dawa itoke. Pampu ya hewa niliagiza Mwanza. Juu nikaweka taa kubwa nyeupe, asije akahangaika kama nilivyohangaika mimi. Mpita njia alikuwa akichungulia dirishani anadhani nimefungua duka la simu.

Lakini hakuwa akila. Minyoo niliyomchimbia ilimpita puani. Baada ya kule kutoroka kwake, nikagandamiza wavu wa juu kwa mawe, naye akazidi kunyong'onyea, kichwa kwenye pembe ya kioo. Niliogopa sana atanifia, na mimi ndiye niliyesema namwokoa.

"Jumapili ikifika hajala, namkaanga," alisema Melania. Kisha akaja kukaa karibu yangu, sauti ikashuka. "Mume wangu, giza unaliogopa wewe. Huyu alikwambia lini kwamba analiogopa?"

Neno hilo lilinichoma kwa kuwa lilikuwa kweli.

Alasiri ile nilikata kipande cha bomba la plastiki, nikakifukia nusu mchangani, nikakizungushia mawe. Mdomoni nikasimamisha vijiti viwili na kimoja juu yake: matimba, vile tunavyolishikilia duara lisibomoke. Bomba halihitaji matimba. Melania alicheka mpaka akafuta machozi, akaenda zake jikoni.

Nikashusha pazia. Nikazima taa ya tangi. Ikabaki ya sebuleni. Mkono ulikaa kwenye swichi muda mrefu, kisha nikaibonyeza.

Nilikaa sakafuni, nikiisikiliza pampu. Mwanga kidogo ulipita chini ya mlango. Mkunga akazunguka tangi, akayanusa matimba yangu, akaingia taratibu mpaka mkia ukapotea. Baadaye pua ikachomoza. Nikadondosha mnyoo, akaumeza. Nikadondosha mwingine.

Mlango ukafunguka. Melania aliingia, mkono wake ukapapasa ukutani kutafuta swichi aniwashie taa.

"Acha," nikamwambia. "Anakula."

Akaurudisha mkono, akafunga mlango, akaja kuketi nami.