Bega la Pipa

Msiniambie habari za kuchekesha watu. Miaka kumi na mmoja naanguka, napigwa ndoo kichwani, suruali inanivuka mbele za wakwe, na sijawahi kuogopa kama Jumamosi ile saa tisa mchana, nyuma ya pazia, nikihangaika kufunga vifungo vya koti kwa mkono mmoja.

Bega la kulia lilikuwa limekufa. Lilianza Jumatano, nikinyanyua gunia la unga nyumbani, likalia ko, basi. Sikumwambia mtu. Sisi tuko wawili tu: mimi Pipa, sababu mnaiona wenyewe, na shemeji yangu Ufito, aliyemwoa mdogo wangu, mwembamba hadi feni ikiwashwa unamwonea huruma. Ningesema siwezi, angetafuta mtu mwingine wa kumdaka. Wanene wako wengi, jamani. Na mimi nje ya jukwaa ni nani?

Mchezo wenyewe uko hivi. Ufito ni fundi rangi, yuko juu kabisa ya ngazi, amenipa mgongo. Mimi napita chini nakula mkate, sina habari naye. Anajirusha kinyumenyume, nami namdaka mikononi bila kuacha kutafuna. Watu huvunjika mbavu. Siri ni viatu vyangu. Vina vyuma kwenye soli. Ufito haangalii nyuma hata siku moja, anahesabu mlio wake. Nikikanyaga hatua ya saba, anaruka.

"Shemeji, uko sawa?" aliniuliza pale nyuma ya pazia. "Mbona jasho?"

"Joto."

"Joto gani, na dirisha liko wazi?"

"Wewe kapande ngazi, acha maneno."

Akacheka, akaenda. Mtu huyu ananiamini, na hilo ndilo lililonikata maini.

Pazia likafunguliwa. Mdogo wangu alikuwa safu ya mbele, kama kawaida yake, ameshaanza kucheka kabla hatujafanya lolote. Ufito akapanda na kopo lake la rangi. Zamu yangu ikafika.

Hatua ya kwanza, nikajiambia mkono wa kushoto unatosha. Ya pili, nikajiambia Mungu yupo. Ya tatu nikajaribu kuinua bega. Halikuinuka, maumivu yakanipanda hadi kwenye meno. Ya nne. Ya tano. Juu kule Ufito alikuwa anaachia ngazi kidole kimoja kimoja, mgongo umelala hewani, na chini hakuna godoro, ni mbao tupu. Ya sita. Nikanyanyua mguu.

Haukushuka. Nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja, mkate mdomoni, kama kuku kwenye mvua. Ukumbi ukaangua kicheko. Mdogo wangu anajipiga mapaja, mimi moyoni naomba mtu yeyote asikanyage sakafu kwa nguvu, asije Ufito akadhani ni mimi.

Ufito akasubiri. Akasubiri tena. Halafu akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya: akageuza shingo, akanitazama. Akauona mkono unavyoning'inia. Akashuka taratibu, mguu kwa mguu, na kila akishuka watu wanazidi kucheka. Akaja, akainama, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akauweka chini polepole. Makofi hayo, sijawahi kuyasikia.

Tulipoinama kuwashukuru, alinishika mkono ulio mzima, akaniuliza bila kuacha kutabasamu:

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Leo Jumamosi, shemeji."

"Najua."

"Na hatua sita ukazitembea," akasema.

Nilitaka kumwambia nilisimama. Si nilisimama? Lakini alikuwa ameshauachia mkono wangu, na ukumbi mzima, mdogo wangu akiwaongoza, ulikuwa unapiga kelele turudie.